Daftari la Magari ya Rangi ya Mchanga

Nyinyi mnaoendesha malori leo mna simu inayowaambia daraja lipi ni fupi, mizani ipi iko wazi na choo kipi kina foleni. Nawaonea gere kidogo, siwafichi. Sisi tulikuwa na daftari. Langu lina jalada jekundu lililochanika pembeni, na ninavyoandika haya liko humu humu, mjini Katy karibu na Houston, kwenye droo ya chumba alichonipa binti yangu, chini ya soksi. Wajukuu wakiliona huniuliza kwa Kiingereza kama ni Kurani. Nawaambia ni la malori. Hawaniamini, na siwalaumu, maana limeandikwa kwa herufi za Kiarabu kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Bado nalificha. Nimestaafu, nina pasipoti ya nchi hii, sijawahi kuiba hata sindano, na gari la polisi likipita polepole mtaani mwetu moyo wangu huenda moja kwa moja kwenye ile droo. Walioniomba niwaandikie mambo ya kazi walitaka siri za kufunga mzigo. Nitawapa. Lakini siwezi kuwapa za mzigo nikaacha za uoga, kwa sababu kwangu mimi zilisafiri kwenye trela moja.

Tuanze na mzigo. Bomba la chuma likilala limelala, lakini gari la jeshi lina tairi na springi, linahema. Ukilifunga mnyororo likiwa limesimama vizuri yadini, kwenye uwanja wa malori wa kampuni, Dallas, ukifika mji wa Corsicana limeshajikalia chini na minyororo yako imelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Kwa hiyo unafunga minyororo minne, kila pembe mmoja, ya mbele inavuta mbele na ya nyuma inavuta nyuma. Unakaza kwa kikazio, ule mkono wa chuma, mpaka springi zikubali kushuka. Kisha, na hapa ndipo wengi wenu mnapoharibu, unaendesha maili hamsini, unasimama, unashuka, unazunguka trela lote na kukaza tena, mvua inyeshe isinyeshe, hata kama bosi anapiga kelele kwenye simu. Maili hamsini za kwanza ndizo zinazokuonyesha kama ulifunga au ulijidanganya.

Hayo nilifundishwa na Haji.

Haji alikuwa Mzanzibari wa Unguja, amenizidi miaka kumi na mitano hivi, mfupi, miwani yake ameifunga kwa uzi nyuma ya shingo. Alikuwa akivaa shati lililopigwa pasi hata siku ya kupaka grisi. Aliishi peke yake DeSoto, chumba cha uani kwa watu, mke na watoto wako Unguja. Kwenye kampuni yetu tulikuwa Waswahili wawili tu. Tulipojuana alinitazama juu hadi chini akasema Wamombasa wanajua kula na kusema, kazi ya minyororo wataiweza wapi. Nilimjibu kwamba Wazanzibari wanajua kuchukia na kunuka karafuu. Tangu siku hiyo tukawa ndugu.

Safari yangu ya kwanza na gari la jeshi nilimtia aibu. Magari yale yana antena ndefu ya redio, na lazima uipinde uifunge kwa kamba kabla ya kutoka. Nilifunga minyororo kwa ustadi mkubwa, nikazunguka mara tatu kama bwana harusi, nikasahau antena. Chini ya daraja moja kabla ya Huntsville nikasikia mlio kama wa kiboko kikichapa, nikatazama kiooni, antena haipo. Bandarini askari wa kupokea mizigo akaniuliza iko wapi. Nikamwambia nadhani lililetwa bila antena. Haji alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, akacheka mpaka akavua miwani. Baadaye aliniambia, "Bakari, uongo wako hauna springi. Weye ukisema uongo hata lori linajua." Nilisikia haya mpaka masikioni. Basi kila daraja nikaanza kuliandika.

Marehemu baba yangu alikuwa karani wa mizigo bandarini Kilindini. Alijifunza kuandika chuoni kwa mwalimu wa Kurani kabla hajaenda shule, na mambo yake yote ya kazi aliyaandika kwa Kiswahili chenye herufi za Kiarabu, ili makarani wenzake wasimchungulie. Alinifundisha hivyo hivyo, na mimi nikazoea. Mkono ukienda haraka huenda njia uliyoijua kwanza. Basi daftari langu likajaa urefu wa madaraja, uzito wa kila aina ya gari, geti lipi linafunguliwa saa ngapi, choo gani kibovu. Haji naye alisoma chuoni, kwa hiyo alikuwa akilichukua na kuongeza maneno yake, mengi ya kunitukana.

Miaka ya tisini mizigo ile ilikuwa ya rangi ya kijani. Tuliipeleka kwenye bandari ya mashariki ya Houston, inapakiwa melini, na wiki chache baadaye redio inatuambia ilikokwenda. Mara Somalia, karibu na kwetu kabisa, mara huko Ulaya kwa watu ambao majina yao sikuweza kuyatamka. Kisha nikaona jambo. Mzigo wa kwenda ulikuwa mwingi na wa kurudi mchache. Na haikuwa magari tu. Tulibeba vitanda, majiko makubwa, viyoyozi, vyoo vya kuhamishika, nguzo na waya za uzio. Nilimuuliza Haji mbona watu hawa wanakwenda kupigana na vyoo. Akanijibu, "Yakhe, mgeni akija kwako na kitanda chake, huyo hakuja kutembea."

Yeye alikuwa akilijua jambo hilo tangu utotoni. Kule Tunguu, Unguja, Wamarekani walijenga kituo, wakasema ni cha kufuatilia vyombo vyao vya angani, na watu wazima walikuwa wakibishana barazani kama ni kweli ama ni mzinga umefichwa. Mimi nilikuwa na yangu ya Mombasa, manowari zao zikitia nanga na mabaharia wakijaa mjini, na mama yangu akitukataza kutoka. Sote wawili tulikulia kwenye ncha ya mkono mrefu wa Wamarekani, halafu tukaja kufanya kazi begani. Niliwahi kumwambia hivyo, akasema niache maneno nikaze mnyororo.

Nisijifanye mwema. Kazi ilikuwa nzuri na niliipenda. Mwenye nguvu mpishe, nilijiambia, na ukiweza mbebee mzigo. Uoga wenyewe ulianza asubuhi moja ya kiangazi, karibu mwaka mmoja baada ya ndege kuangusha yale majengo marefu, nilipokwenda kuchukua magari manne kwenye karakana ya rangi nikayakuta si ya kijani tena. Yalikuwa na rangi ya mchanga. Rangi ilikuwa mbichi bado, ikanishika kwenye glavu. Kwenye televisheni ya chumba cha kungojea wakubwa walikuwa wanasema hawajaamua lolote kuhusu vita, wanatafakari. Mimi niliziangalia glavu zangu nikajua. Hakuna anayepaka gari rangi ya jangwa alipeleke kwenye msitu. Niliogopa kama mtu aliyesikia siri ya wakubwa na hajui kama wamemwona. Kwa miezi mingi niliwapita watu dukani Mansfield, tulikokuwa tukiishi, wakinunua maziwa na mkate, nikijua kinachokuja, na mimi ndiye niliyekifunga minyororo.

Wakati huo ndio ule ambao wazee wenu hawapendi kuuzungumza. Watu walikuwa wakiulizwa maswali makazini. Mtu anakosa Ijumaa mbili msikitini Arlington, na hakuna anayethubutu kuuliza yuko wapi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na sisi kamba zetu zilikuwa majina yetu. Niliondoa tasbihi kwenye kioo cha lori. Nilinyoa ndevu. Yadini waliniita Barry na nikaitika, hata Haji akinitania hivyo niliitika. Nilikuwa nimeshafaulu mtihani wa uraia, nangoja tu kuitwa kula kiapo, na nilitembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Kila kitu nilikifikiria isipokuwa daftari. Lilikuwa mfukoni mwangu tangu zamani, nimelizoea kama pua yangu.

Na hapa lazima niseme kwa nini magari ya mchanga yaliniangukia mimi karibu yote. Karatasi za kazi za Haji zilikuwa zimekwisha. Leseni yake ilikuwa hai, mabomba na vyuma vya ujenzi alibeba bila shida, lakini kwenye geti la bandari ile walikuwa wanadai karatasi zote. Kwa hiyo mpanga safari akimpa Haji mzigo wa jeshi, mimi nilijifanya nautaka, nikampa wangu wa mabomba. Hakuna aliyejua ila sisi wawili, na daftari. Ndiyo, niliandika. Nilikuwa nikiandika kila kitu.

Siku yenyewe ilikuwa saa nne asubuhi, joto la Houston limeshaanza kukaa kifuani. Getini walikuwepo walinzi wapya. Wakaniambia nishuke, wakapekua lori, jambo ambalo halikuwa geni. Kisha mmoja akanigusa mfuko wa shati, akatoa daftari, akalifungua. Niliona uso wake ukibadilika. Alirudi nyuma hatua mbili, akaweka mkono kwenye bastola yake, akamwita mwenzake kwa sauti ya chini.

Walinitia kwenye chumba kidogo chenye kiyoyozi kikali. Akaja afisa, mwanamke wa makamo, mpole, mikono yake ina madoadoa ya jua. Upole wake ulinitisha zaidi kuliko ile bastola. Akamleta mkalimani, Mwarabu aliyevaa tai. Yule bwana alifungua katikati, akaanza kusoma kwa sauti, kila herufi mahali pake, na mimi nikasikia Kiswahili changu kinatoka kinywani mwa mtu asiyekielewa: gari nne, minyororo kumi na sita, daraja la reli. Akasimama. Akasoma tena. Akamwambia afisa kwamba herufi ni zao lakini maneno si Kiarabu, wala si lugha yoyote anayoijua. Afisa akamuuliza kama inaweza kuwa lugha ya siri. Mkalimani akanitazama, nikaona naye anaogopa, anaogopa kusema ndiyo na anaogopa kusema hapana. Akasema inawezekana.

Hapo ndipo nilipoliona daftari langu kwa macho yao. Muislamu mmoja, jina analotumia si lake, mfukoni ana kitabu cha herufi za Kiarabu chenye idadi ya magari ya jeshi, tarehe zake, uzito wake, urefu wa madaraja na saa za kufunguliwa mageti. Nilieleza yote, Kilindini, baba, makarani wachunguliaji, na kila nilivyoeleza nilijisikia naongea kama siku ile ya antena.

Afisa alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Nani mwingine anaweza kuisoma lugha hii kwa herufi hizi? Nipe mtu mmoja. Atasoma ukurasa mmoja, na wewe utasoma huo huo, kila mtu chumba chake. Mkilingana, tutajua."

Nilikuwa na majina mawili mdomoni. La kwanza la mke wangu, Zuhura, aliyesoma chuo Mombasa kama mimi, na wakati ule alikuwa nyumbani Mansfield na binti yetu. Nikawaona watu hawa wakibisha mlangoni kwangu. Nikamwona akifungua huku anafuta mikono. Jina la pili lilikuwa la Haji, na Haji siku hiyo alikuwa papo hapo Houston, anashusha mabomba. Nilijua karatasi zake. Hakuna aliyezijua kuliko mimi. Nikamtaja Haji.

Sikupigwa. Sikutishwa. Niliulizwa kwa upole, nikamtaja. Nataka mlijue hilo kabla hamjasoma mengine.

Wakanipa ukurasa. Ulikuwa wa mwezi uliotangulia, na nikifumba macho sasa naweza kuwasomea. "Gari nne, rangi ya mchanga. Minyororo kumi na sita. Daraja la reli, shika kushoto, antena zilale. Choo cha Corsicana kibovu, usinywe kahawa mapema. Haji anakoroma kama jenereta la harusi." Na chini yake mstari wa mwisho: "Haji asipangiwe geti hili, karatasi zake zimekwisha tangu Maulidi ya Mfungo Sita, wataziomba."

Nilisoma kwa sauti, na kila mstari nikautafsiri, yule mkalimani akiandika. Nilipofika kwenye mkoromo wa Haji afisa alitabasamu kidogo. Mstari wa mwisho niliuruka. Niliufunika kwa kidole gumba, nikasema basi, umekwisha. Nilifikiri naye atauruka. Mtu gani, nilifikiri, atasoma mstari wa kujifunga mwenyewe mbele ya askari?

Haji alikuja haraka. Nilisikia sauti yake ukumbini, anawasalimu walinzi kwa Kiingereza chake cha taratibu kama mtu aliyeitwa kwenye posa. Mlango wa pili ukafungwa. Nilikaa nikihesabu vigae vya dari. Nilijisemea ile methali ya wenye hatia, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, nikairudia kama dua, haikunisaidia.

Afisa alirudi na karatasi mbili, akaziweka mezani upande kwa upande. Akaweka kidole chini ya yangu.

"Uliruka mstari."

Niliangalia kidole chake.

"Mwenzako ameusoma. Kwa nini wewe uliuruka?"

Nikamwambia ni rafiki yangu. Akanitazama kama mtu aliyekwisha kupata alichokuwa anatafuta na hakifurahii. Akaniambia kwamba sasa anaamini ni daftari la dereva, kwa sababu hakuna njama iliyowahi kuandika habari za choo cha Corsicana. Naweza kwenda na lori langu. Daftari litabaki. Nikauliza, na Haji? Akasema Haji ana mambo mengine ya kuzungumza na watu wa uhamiaji.

Nikipita ukumbini mlango wa chumba chake ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa wima, shati lake limepigwa pasi, kalamu ya risasi mkononi, na mlinzi amesimama nyuma yake. Aliponiona akainua ngumi na kuizungusha kifundo, ile ishara yetu ya yadini ya kumwambia mtu aliye mbali: kaza tena. Nilidhani ananiambia nijikaze. Niliinamisha kichwa nikapita.

Siku tatu baadaye simu ya nyumbani ikaita, namba ya Houston nisiyoijua. Zuhura akataka kupokea, nikamzuia. Wakati ule tuliamini simu zote zinasikilizwa. Ikaita tena kesho yake, na wiki iliyofuata mara moja, ndefu, mpaka ikachoka. Zuhura akaniuliza, "Kama ni Haji, Baba Mwanaisha?" Nikamwambia kiapo changu ni mwezi ujao, na mtu akienda kumtazama mfungwa anaandika jina lake kwenye kitabu cha mlangoni. Alininyamazia siku nne, na katika miaka yetu yote ya ndoa sijui kama kuna maneno yaliyoniumiza kama ule ukimya.

Nilikula kiapo. Niliinua mkono, nikapewa bendera ndogo, nikapigwa picha. Kwenye picha ile nimecheka, na mtu asiyenijua hawezi kuona kwamba naogopa. Haji alirudishwa Unguja kabla ya Ramadhani. Nilisikia kwa watu.

Niliendelea kubeba magari ya mchanga. Nayo yakaanza kurudi, mengine yamefunikwa maturubai yaliyofungwa na watu wengine, na sisi tumekatazwa kufunua. Upepo wa barabarani haujui amri. Siku moja karibu na Huntsville turubai likachomoka pembe, nikasimama kulifunga, nikaona mlango uliokunjwa kama karatasi na kiti kilichoungua. Nilikumbuka glavu zangu. Nikafunga turubai, nikapanda, nikaendesha mpaka yadini. Mwaka ule ndio niliomba kubeba mabomba tu.

Miaka miwili baada ya siku ile ya getini, bahasha ya serikali ikaja nyumbani bila barua. Ndani kulikuwa na daftari langu. Nilikaa kwenye ngazi za mbele nikafungua ule ukurasa, kwa kuwa kidonda hukunwa na mwenyewe. Chini ya mstari wa mwisho kulikuwa na maneno madogo ya kalamu ya risasi, herufi zile zile, mwandiko wa Haji. Nadhani walipomtaka awaandikie ukurasa kwa herufi za Kizungu, aliinama akaandika na yake, na hakuna mtu katika jengo lile aliyeweza kuyaelewa isipokuwa mimi, ambaye nilikwisha kutolewa nje.

"Bakari, mstari wangu nimeusoma. Najua na weye umeusoma, kwani hujui uongo, na tusipolingana watakumeza. Usiogope. Ombi la kuongeza muda wa karatasi nilipeleka, risiti imo kwenye kisanduku cha lori langu nyuma ya ramani. Simu nikipewa nitakupigia. Niletee, ndiyo itakayonitoa."

Lori lake lilikuwa limeachwa nje ya geti siku ile. Kampuni ilimtuma dereva mwingine kulichukua. Kabla ya kulitumia alilisafisha, kisanduku akakimwaga chote pipani, ramani na vyote. Nilikuwepo yadini siku hiyo. Nilikuwa nakaza minyororo yangu hatua ishirini kutoka kwenye lile pipa.

Zuhura alinikuta pale ngazini. Nilimsomea, kisha nikampa asome mwenyewe. Safari hii hakunyamaza. Aliniambia niende ndani nipige simu, na alinisimamia mlangoni mpaka nikapiga.

Ilinichukua wiki kuipata namba, kutoka kwa jamaa mmoja wa Unguja aliyekuwa akiendesha teksi Dallas. Haji alipokea mwenyewe. Sauti ilikuwa ile ile. Nilianza kumweleza, simu zilizoita, kiapo, kitabu cha mlangoni, bahasha, nikimwaga yote kwa mpigo kama mtu anayejieleza kwa afisa. Akaniacha nimalize. Kisha akaniuliza Zuhura hajambo. Akaniuliza kama choo cha Corsicana kimetengenezwa. Nikasema bado. Akacheka, na mimi nikaanza kupumua.

"Haji," nikamwambia, "niambie nifanye nini. Nitaandika wakili, nitatafuta nakala ya risiti, nitakwenda popote. Sasa siogopi."

Nilisikia watu barazani kwake wakizungumza, na kijiko kikigonga kikombe.

"Weye Bakari," akasema, bila hasira yoyote, "maili hamsini zimepita zamani."